Kwa Nini Kituo cha Polisi cha Mpakani ni Maskini? Historia ya Polisi Koboko na Kuluba Tangu 1914

Utangulizi

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Nchini Uganda methali hii hutajwa kila mazungumzo yanapofika kwa polisi. Mwananchi anapeleka malalamiko kituoni, anaambiwa pikipiki haina mafuta, anatoa pesa, kisha akirudi nyumbani analalamika. Jirani humjibu kwamba afande naye ana njaa, afanyeje? Hoja huishia hapo, kila mtu akitikisa kichwa. Insha hii inakusudia kwenda mbele kidogo. Njaa hiyo ilianza lini? Ilitokana na maamuzi gani? Na kwa nini huuma zaidi pembezoni mwa nchi kuliko Kampala?

Mahali ninapopachukua kama mfano ni Kuluba, gombolola la wilaya ya Koboko, katika mkoa wa West Nile. Koboko ni wilaya ya kona. Kaskazini ni Sudan Kusini, magharibi ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mahali panapoitwa Salia Musala mipaka ya nchi zote tatu hukutana. Katika Kuluba kuna Oraba, kituo cha mpaka kinachotazamana na Kaya upande wa Sudan Kusini. Hapo hupita malori, boda boda, wakimbizi, wafanyabiashara wa nafaka, mitungi ya mafuta, na katika nyakati mbaya hupita bunduki. Siku moja ya soko unaweza kusikia Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kiarabu cha Juba, Lingala na Kiswahili. Mtu yeyote angedhani mahali pa namna hii pangepewa polisi wenye vifaa bora kuliko pengine. Historia inaonyesha kinyume chake.

Hoja yangu ni kwamba umaskini wa polisi wa pembezoni haukuletwa na umaskini wa nchi peke yake. Ulijengwa hatua kwa hatua. Mkoloni alitaka utawala wa bei rahisi. Serikali za uhuru ziliona ni salama zaidi kumlisha mwanajeshi kuliko polisi. Na fedha za polisi zilipoanza kuongezeka katika miaka ya karibuni, nyingi zilifuata siasa za mijini, si mahitaji ya mwananchi wa gombolola.

Mpaka mpya na utawala wa bei rahisi

West Nile iliingia Uganda ikiwa imechelewa. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya eneo la Lado, ambalo Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikodishwa na Waingereza mwaka 1894. Leopold alifariki Desemba 1909, na mwaka uliofuata Lado ikawa chini ya Sudan. Tume ya mipaka ilipita huko mwaka 1913, na mwaka 1914 sehemu ya kusini ikahamishiwa Uganda. Wakakwa, ambao ndio wengi wa Koboko, walijikuta wamegawanywa katika nchi tatu. Mpaka ulikata mashamba, makaburi na ukoo. Tangu siku hiyo, kazi ambayo mtawala angeita "kulinda mpaka" kwa wenyeji ilikuwa ni kuzuiwa kwenda kwa mjomba.

Mkuu wa wilaya wa kwanza, A. E. Weatherhead, alifungua kituo cha Arua mwaka huo wa 1914. Vita Kuu ya Kwanza ilianza miezi michache baadaye, na hakuna aliyekuwa na haja ya kutumia fedha nyingi kwa ajili ya wilaya isiyo na pamba wala reli. Polisi ya Uganda yenyewe ilikuwa changa. Ilianzishwa rasmi mwaka 1906, ikiongozwa na Brigedia Jenerali W. F. S. Edwards, baada ya kutanguliwa na kikosi cha askari wenye silaha. Makao yake, maofisa wake na fikra zake vilikuwa Entebbe na Kampala. Arua ilipata askari wachache. Koboko na vijiji vyake vilipata machifu.

Hapa ndipo tunapoona msingi wa tatizo. Sheria ilifikishwa kijijini na chifu pamoja na wasaidizi wake, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kukusanya kodi, kutafuta watu wa kutengeneza barabara, na kuwapeleka watu Arua wakihitajika. Mfumo huo haukuigharimu serikali kuu sana. Msaidizi wa chifu alikula kwa watu aliowasimamia. Kuku, pombe na chakula alichopewa njiani vilikuwa sehemu ya riziki yake, hata kama havikuandikwa katika daftari lolote. Kwa hiyo desturi ya mlinzi wa sheria kulishwa na yule anayemwita si jambo jipya lililoletwa na askari wa leo asiye na maadili. Lilikuwapo tangu mwanzo, tena lilikuwa sehemu ya hesabu ya utawala.

Watu hawakukubali yote kimya. Nabii Rembe, Mkakwa, alikuwa amesambaza maji ya Yakani, ambayo wafuasi wake waliamini yangewapa nguvu na kinga dhidi ya risasi. Rembe alinyongwa Yei mwaka 1917. Miaka miwili baadaye kulitokea mapambano kati ya wafuasi wa Yakani na utawala upande wa Walugbara, na baadhi ya viongozi wa wenyeji wakahamishwa kwa nguvu. Funzo ambalo utawala ulilipata lilikuwa la kijeshi: kukiwa na fujo, tuma bunduki, kisha ziondoke. Haukujifunza kwamba panahitajika askari wa kudumu anayejulikana, anayelala karibu, na anayelipwa vizuri.

Kiuchumi pia West Nile iliwekwa pembeni. Kwa muda mrefu ilichukuliwa kama ghala la vibarua na askari. Wanaume walikwenda kwenye mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira, au waliandikishwa katika King's African Rifles na polisi. Mkoa uliotoa askari kwa wingi haukupewa huduma nzuri ya askari. Kijana wa Koboko angeweza kuvaa sare na kulinda duka la mtu Jinja, ilhali duka la baba yake nyumbani lililindwa na mbwa.

Neno moja, kazi mbili

Kwa sisi tunaosoma Kiswahili kuna ushahidi mwingine ambao hauko katika majalada ya serikali, uko katika lugha. Neno "askari" lilitoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili inahusu jeshi. "Afande" lilitoka kwa Waturuki kupitia jeshi la Misri na Sudan. "Polisi" lilitoka kwa Waingereza. Katika sehemu hii ya Afrika maneno ya kijeshi yalitangulia. Askari Wasudani waliokuwa chini ya Emin Pasha, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891, na vizazi vyao vinavyoitwa Wanubi, ndio waliokuwa uti wa mgongo wa majeshi ya mwanzo ya Uganda. Kwa mwanakijiji, aliyekuja na bunduki alikuwa askari, awe mwanajeshi au polisi, na jina lake la heshima lilikuwa afande.

Jambo hili si dogo. Sehemu nyingi za Uganda ya kusini, Kiswahili kilichukiwa kwa sababu kilisikika kutoka kwa mtu aliyeshika bunduki. West Nile hali ilikuwa tofauti, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa pia lugha ya soko na ya baba aliyerudi kutoka jeshini. Hata hivyo, huko nako tofauti kati ya mlinzi wa raia na mpiganaji haikuwahi kuwa wazi. Serikali zilizofuata hazikusaidia kuifanya iwe wazi.

Mwaka 1964: aliyepiga kelele alilipwa

Ndani ya polisi ya kikoloni mishahara na vyeo vilifuata rangi. Wazungu walikuwa juu, Waasia wengi walikuwa katikati, na Waafrika walikuwa chini. Konstebo aliishi kambini na familia yake katika chumba kimoja, au katika nyumba ya bati ya mviringo ambayo Waganda hadi leo wanaiita "yuniporti". Nyumba hizo ziliundwa ziwe za haraka na za muda. Nyingine zilikaliwa na vizazi viwili au vitatu vya askari.

Uhuru ulipokuja Oktoba 1962, kila aliyevaa sare alitarajia mabadiliko. Waliochoka kusubiri kwanza walikuwa wanajeshi. Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika waliasi, na siku chache baadaye wenzao wa Jinja wakafuata, halafu wa Kenya. Madai yalikuwa mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uganda, Felix Onama, naye mtu wa West Nile kutoka Madi, alikwenda Jinja kuzungumza nao, wakamzuia mpaka alipokubali kuwaongezea mishahara. Waingereza waliitwa kutuliza hali, lakini nyongeza ya mishahara ilibaki.

Tulinganishe nchi tatu. Nyerere alilivunja jeshi lililoasi na kuunda jipya. Kenyatta aliwashtaki waasi. Obote aliwalipa. Nadhani hapa ndipo historia ya fedha za usalama Uganda ilipopinda. Serikali ilijifunza kwamba mwanajeshi mwenye njaa ni hatari kwa ikulu, ilhali polisi mwenye njaa ni hatari kwa mwananchi wa kawaida tu. Kuanzia hapo bajeti ya jeshi ilikua haraka. Mwaka huohuo Erinayo Oryema akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi. Alikabidhiwa kiti cha juu cha taasisi ambayo tayari ilikuwa imeanza kuachwa nyuma.

Wakati wa Amin

Wengi wasioijua Koboko hudhani kwamba kwa kuwa Idi Amin alikuwa Mkakwa mwenye asili ya huko, basi eneo hilo lilineemeka kwa miaka minane. Kwa upande wa polisi dhana hiyo haina msingi. Baada ya mapinduzi ya Januari 25, 1971, amri ilitolewa mwaka huohuo kuwapa wanajeshi mamlaka ya kukamata raia. Kwa kalamu moja kazi ya polisi ilipewa mtu mwingine. Kisha kikaja kikosi cha Usalama wa Umma kilichokaa Naguru. Kilianza kwa sababu iliyosikika vizuri, yaani kupambana na majambazi waliojulikana kama kondo, kikaishia kuwa jina la kutisha. Ofisi ya Utafiti ya Taifa pale Nakasero ilikuwa na magari na fedha ambazo kituo cha kawaida cha polisi hakikuota kuwa nazo.

Polisi wa kawaida walibaki na daftari na filimbi. Waliokuwa na elimu na msimamo walikimbia, walistaafishwa au waliuawa. Oryema mwenyewe, aliyekuwa amekuwa waziri, aliuawa Februari 1977 pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na Charles Oboth-Ofumbi. Mtu aliyekuwa mkuu wa polisi wa taifa zima alikufa bila kituo chochote cha polisi kuthubutu kufungua jalada la mauaji. Sidhani kama kuna ushahidi mzito kuliko huo wa jinsi taasisi ilivyokuwa imevunjwa.

Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kwa hiyo Uganda ilipata lugha ya taifa wakati uleule ilipokuwa ikipoteza polisi ya taifa.

Miaka ambayo hapakuwa na kituo

Baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979, West Nile ililipa deni ambalo raia wake hawakulikopa. Oktoba 1980 mabaki ya jeshi lake yalivuka mpaka, yakashambulia Koboko na Arua. Jeshi la serikali mpya liliporudi lilichoma na kuua. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa. Watu wengi sana wa mkoa huo walikimbilia Sudan na Zaire. Vijiji vya Koboko vilibaki nyasi.

Kwa miaka kadhaa, basi, katika sehemu kubwa ya eneo hili swali la mshahara wa polisi halikuwapo, kwa sababu hapakuwa na polisi, na mara nyingine hapakuwa na watu. Waliporudi kuanzia katikati ya miaka ya 1980, watu walianza upya na miti na nyasi. Ndivyo ilivyokuwa kwa shule na zahanati, na ndivyo ilivyokuwa kwa vituo vya polisi. Mahali pengine Uganda, kituo cha polisi kilirithi angalau jengo la mkoloni. Katika maeneo kama Kuluba hakuna kilichosubiri.

Amani nayo haikuja mara moja. Katika miaka ya 1990 kundi la West Nile Bank Front la Juma Oris lilishambulia kutoka ng'ambo ya mpaka. Mkataba wa amani na kundi la UNRF II ulitiwa saini Yumbe mwishoni mwa mwaka 2002. Kwa hiyo hata baada ya 1986 serikali iliutazama mpaka huu kwa jicho la kijeshi. Fedha zilikuja na kambi za jeshi na kuondoka nazo.

Tangu 1986: fedha ziliongezeka, zikaenda wapi?

Serikali ya NRM iliikuta polisi ikiwa imechafuka kwa siasa za Obote na hofu ya Amin, ikaipunguza na kuichuja. Ulinzi wa kijijini uliwekwa zaidi mikononi mwa mabaraza ya upinzani, ambayo baadaye yakaitwa mabaraza ya mitaa, na kulikuwa pia na mpango wa mayumba kumi. Katiba ya 1995 iliandika maneno mazuri. Kifungu cha 211 kinataka polisi iwe ya kitaifa, yenye nidhamu, ujuzi na tija. Kifungu cha 212 kinaitaja kazi yake: kulinda uhai na mali, kudumisha sheria, kuzuia na kupeleleza uhalifu. Katiba haikusema pikipiki itatiwa mafuta na nani.

Mwaka 1999 iliundwa tume ya Jaji Julia Sebutinde kuchunguza rushwa katika polisi. Watu walifuatilia vikao vyake kama mchezo wa redio. Jambo ambalo wanafunzi wa historia hatupaswi kulisahau ni kwamba wengi waliotikiswa na tume hiyo hawakuwa makonstebo wenye njaa. Walikuwa wakubwa. Rushwa ya juu haikutokana na kukosa chakula, na hivyo methali ya njaa na miiko haitoshi kuieleza.

Baada ya tume, polisi iliongozwa na wanajeshi: Katumba Wamala kuanzia 2001, kisha Kale Kayihura kuanzia 2005 hadi 2018. Chini ya Kayihura polisi ilikua kwa idadi na kwa bajeti. Mtu angetegemea kituo cha gombolola kipate nyumba, mafuta na redio. Lakini tukumbuke matukio ya miaka hiyo: maandamano ya kutembea kwenda kazini mwaka 2011, sheria ya kusimamia mikutano ya hadhara mwaka 2013, na uchaguzi wa 2016. Magari ya maji ya kuwasha na mabomu ya machozi yalionekana mijini kila palipokuwa na mkutano wa upinzani. Kabla ya uchaguzi wa 2016 vijana wengi waliandikishwa kuwa "wazuia uhalifu". Hawakuwa na mshahara. Tulirudi kwa msaidizi wa chifu wa mwaka 1914, ambaye hulindisha watu na kula kwao.

Wakati huohuo wilaya ziliongezeka. Mwaka 1986 Uganda ilikuwa na wilaya 33, leo zinapita 130. Koboko ilitengwa na Arua mwaka 2005. Kila wilaya mpya huhitaji kamanda wa polisi wa wilaya, ofisi, gari na mahabusu. Wanasiasa walishangilia wilaya mpya, lakini keki ileile ilikatwa vipande vidogo zaidi. Kipande cha mwisho kilikwenda kituo kidogo, kile kilicho na askari watatu au wanne, chumba kimoja na daftari la kuandikia matukio.

Kuhusu ustawi wa askari yapo yaliyofanyika. Chama cha akiba na mikopo cha Exodus kiliundwa kwa ajili yao, na michango hukatwa kwenye mishahara. Majengo ya ghorofa yalianza kujengwa Naguru badala ya yuniporti. Lakini angalia mwelekeo wake. Nyumba zilianzia mji mkuu. Na nafuu kubwa ambayo askari wa mbali aliipata ni ruhusa ya kukopa. Askari mwenye mkopo anapokea mshahara uliokwisha kuliwa, kisha anapangiwa kazi kwenye mpaka ambako mfanyabiashara wa magendo ana noti mkononi kila usiku.

Jinsi ukosefu unavyofanya kazi

Wasomaji wengi wanajua neno "rushwa", lakini ni vizuri kueleza hatua zake, maana hapo ndipo historia inapomgusa mtu.

Tuseme mwanamke amepigwa. Anahitaji fomu ya polisi namba 3 ili daktari aandike majeraha. Fomu ni bure, ila nakala zimekwisha na mashine ya kunakili iko mjini. Analipa. Mtuhumiwa yuko kilomita kadhaa, pikipiki haina mafuta. Analipa. Askari anahitaji salio la simu kumpigia mwenyekiti wa kijiji. Analipa. Mtuhumiwa akikamatwa, ndugu zake huja na pesa zaidi ili atoke kwa dhamana, ambayo mabango ukutani yanasema ni bure. Mwisho wa wiki yule mwanamke ametumia alichokuwa nacho, na aliyempiga anapita mbele ya nyumba yake akipiga mluzi. Hatua tatu za kwanza zilitokana na ukosefu wa vifaa, ya nne ilitokana na tabia. Lakini tabia ilipata mlango wa kuingilia kwa sababu ukosefu ulikuwa umekwisha kuufungua. Pesa halali ya mafuta na pesa haramu ya hongo hupita mkono uleule, hazina stakabadhi, na baada ya muda hakuna anayeweza kuzitenganisha, hata askari mwenyewe.

Mpakani tatizo hukua. West Nile inajulikana kwa biashara ya mafuta ya magendo. Vijana wa Arua walioitwa "OPEC" walikuwa maarufu nchi nzima kwa kuuza petroli ya mitungi kando ya barabara. Kwenye njia za panya zinazozunguka vituo vya forodha, askari wawili wa miguu hawawezi kumfuata mwenye pikipiki mpya. Wanachoweza ni kukaa mahali fulani na kusubiri. Mwenye magendo anajua wanaposubiri, na bei yake anaijua. Vita vya Sudan Kusini vilivyoanza Desemba 2013 na kuwaka tena Julai 2016 vilisukuma wakimbizi kwa maelfu kuvuka Oraba na vivuko vingine. Koboko ina makazi ya wakimbizi ya Lobule. Mizigo hii ya kimataifa iliangukia vituo ambavyo vilikuwa havijaweza kubeba hata mizigo ya kijiji.

Kituo kinaposhindwa, watu hawakai bila sheria. Hutafuta nyingine. Wazee wa ukoo husuluhisha, na mara nyingi hufanya vizuri, ila katika kesi za ubakaji wanaweza kuzipatanisha familia mbili na kumsahau msichana. Mwenyekiti wa mtaa hutoza faini. Wanajeshi huitwa. Na wakati mwingine umati huchukua mawe na mafuta ya taa. Ripoti za uhalifu za polisi yenyewe huhesabu mamia ya watu wanaouawa na umati nchini kila mwaka. Hawa nao wanapaswa kuhesabiwa katika gharama za kutomlipa polisi.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema Uganda ni nchi maskini, haiwezi kuwa na polisi wa Ulaya katika kila gombolola. Ni kweli kwamba haiwezi. Lakini mwaka 2011 nchi hiyohiyo ilinunua ndege 6 za kivita aina ya Sukhoi kwa takriban dola milioni 740. Pesa zilikuwapo mwaka 1964 kwa walioasi Jinja, zilikuwapo 2011 kwa ndege, zilikuwapo kwa magari ya kutawanya watu. Sisemi nchi isiwe na ulinzi wa anga. Ninasema kwamba neno "hakuna" katika bajeti ya usalama mara nyingi lina maana ya "si kwa ajili yenu".

Wengine watasema hata mishahara ikipanda rushwa itabaki. Hoja hii ni nzito zaidi. Tume ya Sebutinde inaiunga mkono, na majirani pia. Kenya, baada ya ghasia za 2007 na 2008, iliunda kikosi kazi cha Jaji Ransley, ikaandika katiba mpya mwaka 2010, ikaunda mamlaka huru ya kuchunguza polisi mwaka 2011. Bado mwaka 2023 kikosi kazi kingine cha Jaji Mkuu mstaafu David Maraga kilikuwa kikipendekeza mishahara ya polisi ipandishwe kwa asilimia 40, na wananchi walikuwa bado wanalalamikia hongo barabarani. Kwa hiyo nyongeza peke yake haitoshi. Hata hivyo, tusigeuze hoja hiyo iwe sababu ya kutofanya lolote. Usimamizi bila mshahara ni kumwadhibu mtu kwa kuwa na njaa, na mshahara bila usimamizi ni kumlipa mwizi vizuri zaidi.

Katika miaka ya karibuni serikali imezungumzia mpango wa polisi wa gombolola: badala ya vituo vidogo vingi vyenye askari wachache, kila gombolola liwe na kituo kimoja chenye askari 18 na usafiri. Baadhi ya sababu zake ni za kusikitisha. Mwishoni mwa mwaka 2022 vituo kadhaa vilivamiwa na bunduki kuibwa, kikiwamo kituo cha Busiika, ambako askari waliuawa. Kituo kidogo kilikuwa hatari kwa walioishi ndani yake. Kimantiki mpango huu ni mzuri. Kwa mtu wa Kuluba, swali ni kama kuviunganisha vituo kutamletea askari wenye pikipiki na mafuta, au kutamwongezea tu umbali wa kutembea ili kuambiwa maneno yaleyale.

Hitimisho

Historia ya polisi Koboko na Kuluba ina mambo matatu yanayojirudia. La kwanza ni mlinzi wa sheria anayelishwa na anayemlinda, kuanzia msaidizi wa chifu hadi mzuia uhalifu. La pili ni serikali kumwogopa mwanajeshi na kumsahau polisi, tangu 1964. La tatu ni mpaka kutazamwa kama uwanja wa vita badala ya mahali ambapo watu wanaishi, wanauza mihogo na wanahitaji mtu wa kumwita usiku. Mambo haya yalichaguliwa na watu walioshika madaraka, na yanaweza kuchaguliwa upya.

Ushauri wangu ni mdogo na unapimika. Fedha za mafuta ya doria zipelekwe moja kwa moja kwenye kituo cha gombolola, na kiasi chake kibandikwe ukutani, karibu na lile bango linalosema dhamana ni bure. Nyumba za askari zianze kujengwa mpakani, kisha zirudi Kampala. Na atakayeombwa pesa ya mafuta apewe stakabadhi, ili angalau siku moja tuweze kujumlisha wananchi wa pembezoni wamekuwa wakiilipia serikali kiasi gani. Ninashuku kwamba jumla hiyo ingekuwa kubwa, na kwamba mwananchi wa Kuluba angegundua kuwa kituo anachokiita cha serikali amekuwa akikigharamia yeye mwenyewe kwa zaidi ya miaka mia moja.